Godoro, Ndoo, na Sindano Inayokosekana

Juma lililopita nilimsaidia binti wa jirani kufunga mizigo. Amepata nafasi ya chuo, na mfadhili wake amemtumia orodha ya vitu vya kubeba. Tuliisoma pamoja, tumekaa juu ya jiwe nje ya hema lao hapa Rugerero. Godoro moja. Shuka mbili. Blanketi. Ndoo, beseni, sabuni. Kufuli la sanduku. Picha nne za pasipoti. Nakala ya diploma. Kompyuta ataikuta huko huko. Orodha nzuri kabisa, imepangwa na mtu aliyefikiria. Hata kufuli halikusahaulika.

Nikageuza karatasi nione kama inaendelea. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Na chanjo je?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kaka, chanjo si ni ya batoto?"

Kicheko hicho ndicho kimenikalisha chini kuandika. Simlaumu binti. Amesema kile ambacho kambi nzima inaamini, na kile ambacho ofisi nazo, kwa vitendo vyao, zinakifundisha. Mama akijifungua, tunaulizwa kadi ya chanjo. Mtoto akifika miezi tisa, tunatafutwa hema kwa hema, surua! surua! Mtoto akishapita miaka mitano, kadi inapotelea kwenye moto wa kuwashia makaa, na hakuna anayeiulizia tena. Kisha mtoto huyo anakuwa kijana wa miaka kumi na tisa, tunampa godoro na ndoo, tunampeleka akalale chumba kimoja na watu saba asiowajua, na tunampigia makofi.

Mimi nasema hivi, na ninasema kwa sauti: kijana anayekwenda kulala bwenini bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo ametumwa nusu. Aliyemlipia karo na kumwacha bila sindano hiyo amefanya nusu ya kazi. Hapa Rwanda ugonjwa huo wanauita mugiga. Ukiwauliza wazee, watakunja uso kabla hujamaliza neno.

Nitaanza na nyumbani kwangu, ili msije mkasema nimesoma mahali tu.

Miaka michache kabla vita haijafika Goma, mdogo wangu alikwenda chuo katika mkoa mwingine. Alikuwa kichwa cha hesabu katika familia. Bweni lao lilikuwa na vyumba vya watu wanane, vitanda vya juu na chini, dirisha moja. Katika wiki ya sita alimpigia mama simu usiku: "Mama, kichwa iko inaniuma sana. Hata taa inanichoma macho." Mama akamjibu kama mama yeyote wa kwetu angejibu: "Ni malaria hiyo. Kesho asubuhi uende bakupime."

Alikwenda. Hawakumpima, walimpa dawa ya malaria akarudi kulala. Asubuhi iliyofuata wenzake walimwamsha akawa anaongea maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Walipojaribu kumwinua, shingo ilikuwa kama ubao. Wakamkodia pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati. Hospitalini walimtoboa mgongo, yakatoka maji yenye ukungu badala ya maji safi. Antibayotiki ya mshipa ikaanza siku hiyo hiyo, na ndiyo iliyomwokoa.

Siku ya tisa alifungua macho vizuri, akatutazama, akauliza kwa nini sote tunanong'ona.

Hatukuwa tunanong'ona.

Leo yuko nasi hapa. Ana mikono mizuri, anatengeneza simu ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzisikia zikilia. Januari 2025, Goma ilipoanguka na sisi tukavuka mpaka na maelfu ya wengine, risasi zilikuwa zinalia nyuma yetu naye hajui ziko upande gani. Nilimshika shati njia nzima. Chuo hakurudi. Nani angemfundisha? Mwalimu anaongea akiwa ameupa darasa mgongo, anaandika ubaoni, na mdogo wangu anasoma kisogo.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu watano wanaopona homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, mmoja hubaki na ulemavu wa kudumu: uziwi, kifafa, kiungo kilichokatwa, akili iliyopungua. Na karibu mmoja kati ya sita wanaougua hafiki huko kwenye kupona. Kwa hiyo mdogo wangu, kwa hesabu za ugonjwa huu, ni mtu mwenye bahati. Ndiyo bahati yake hiyo.

Sasa tuulize: kwa nini chuoni? Kwa nini hakuugua nyumbani, ambako tulilala watano chumba kimoja?

Bakteria anayeitwa meningokoka hapendi kuishi nje ya binadamu. Anakaa nyuma ya pua na kwenye koo, na mara nyingi anakaa kimya. Inakadiriwa kuwa karibu mtu mmoja kati ya kumi anaye bila kujua wala kuumwa. Wanaombeba zaidi ni vijana wakubwa, umri wa sekondari ya juu na chuo. Anapita kwa mate na matone: kukoholeana, kubusiana, kunywa chupa moja, kulala uso kwa uso kwa muda mrefu. Nyumbani mnazoeana na vijidudu vyenu. Bwenini kila mmoja analeta vya kwao, kutoka mikoa kumi, na mwili wako haujawahi kukutana navyo. Kwa wengi hakuna kinachotokea. Kwa mmoja, anapenya kwenye damu, anafika kwenye utando unaofunika ubongo, na saa 24 baadaye mnatafuta pikipiki.

Uingereza walipima jambo hili. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Nottingham, watafiti waliwachunguza koo wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika wiki yao ya kwanza. Siku ya kwanza, waliombeba bakteria huyo walikuwa asilimia 6.9. Siku ya nne walikuwa asilimia 23.1. Siku nne tu! Hawajamaliza hata kujua majina ya wenzao, tayari karibu robo yao wameshamgawana.

Na walipojua hivyo walifanya nini? Walichanja. Mwaka 2015, aina ya W ilipoanza kuongezeka kwao, Uingereza iliweka chanjo ya aina nne, A, C, W na Y, kwa vijana wa miaka 17 na 18 na kwa wanafunzi wapya wa vyuo vikuu. Marekani nao kwa miaka mingi waliichanja mapema, mtoto akiwa na miaka 11 au 12, kisha tena akiwa na 16, ili kinga iwe imara anapoingia bwenini. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Princeton kilipata wagonjwa wanane wa aina B. Wanane! Chanjo ya aina hiyo ilikuwa bado haijapewa kibali Marekani. Wakaomba ruhusa maalumu, wakaiagiza kutoka nje, na Desemba wanafunzi zaidi ya 5,000 wakapanga foleni.

Sisemi hivyo kwa wivu. Nasema kwa sababu kitanda cha bweni ni kitanda cha bweni. Koo la mwanafunzi wa Princeton na koo la binti wa jirani yangu ni koo moja. Kama huko mtu mzima aliye chuoni ni mtu wa kuchanjwa, ni lini mpakani huku aligeuka kuwa mtu wa ndoo na beseni peke yake?

Najua jibu la kwanza la ofisini. Nimelisikia kwa masikio yangu: "Hapa si Sahel. Mugiga ni ugonjwa wa Niger na Burkina Faso."

Jamani. Tusome historia ya ardhi tunayoikanyaga.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka upande huu wa mpaka kwenda ule, wakalala juu ya mawe ya volkano kandokando ya Goma. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 ndani ya mwezi wa kwanza. Hayo kila mtu anayakumbuka. Kinachosahaulika ni mwezi uliofuata. Agosti 1994, katika kambi ya Kibumba, kaskazini ya Goma, ilizuka homa ya uti wa mgongo ya aina A, na ikabidi kambi nzima ichanjwe. Kibumba! Wangapi kati yetu hapa tumetoka Kibumba, au tumepita Kibumba tukikimbia?

Koko wangu, mama wa mama yangu, wakati ule alikuwa anauza viazi kando ya barabara ya Rutshuru. Yuko nasi hapa, na nilimuuliza nilipoanza kuandika makala haya. Alifikiri kidogo, akasema: "Siye tulionaka batu banapanga mustari kwa shindano. Lakini balianza kuzika kwanza."

Sikilizeni maneno ya mzee huyo. Chanjo ilikuja, na ilisaidia. Ila ilikuja baada ya wagonjwa kuanza kuhesabiwa. Hapo ndipo ugomvi wangu wote ulipo.

Hayakuishia 1994. Mwaka 2002 ukanda wetu wa Maziwa Makuu ulipigwa tena, vijijini na katika kambi za wakimbizi: wagonjwa zaidi ya 2,200, vifo 200. Mwaka 2021, Banalia, mkoa wa Tshopo, ndani ya Kongo yetu, aina ya W ilileta wagonjwa zaidi ya 2,500 na kuua watu wapatao 200. Na kwenye ile orodha ya nchi 26 za ukanda wa uti wa mgongo barani Afrika, Kongo imo. Rwanda imo. Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania zimo. Kwa hiyo anayesema "hapa si Sahel" anasema kweli kuhusu mvua na anakosea kuhusu ugonjwa.

Jibu la pili la ofisini ni zito zaidi, na nitalitendea haki. Wanasema: "Kizingiti hakijafikiwa." Maana yake ni hii. Katika eneo lenye watu chini ya 30,000, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wagonjwa wawili kwa wiki ni tahadhari, na watano kwa wiki, au idadi kuongezeka maradufu katika wiki tatu, ni mlipuko. Hapo ndipo chanjo ya watu wengi inaombwa, kutoka akiba ya dunia inayosimamiwa kwa pamoja tangu 1997 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Madaktari Wasio na Mipaka na shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu.

Kizingiti si ujinga. Akiba ni ndogo, nchi ni nyingi, na mwaka 1996 na 1997 ugonjwa huu ulishika watu 250,000 na kuua 25,000. Lazima kuwe na sheria ya nani anahudumiwa kwanza pale moto unapowaka.

Lakini hiyo ni sheria ya kuzima moto. Mimi naongea juu ya kujenga nyumba isiyoshika moto. Kizingiti kinahesabu watu wa eneo moja kwa wiki moja. Binti wa jirani haumo kwenye hesabu ya Rugerero, maana ameondoka. Haumo kwenye hesabu ya chuo, maana ndiyo kwanza anafika. Anaanguka katikati ya madaftari mawili. Mtu mmoja akiugua bwenini, yeye si mlipuko, ni msiba wa familia moja tu. Mdogo wangu hakufika kizingiti cha mtu yeyote.

Na tafadhali, msituambie kwamba haiwezekani kuchanja kabla ya ugonjwa kufika. Sisi ni watu wa Rubavu na Goma, tulikuwepo! Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akaonekana Goma. Rwanda haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Desemba 2019 serikali ikaanzisha Umurinzi, yaani mlinzi, na ikaanzia wapi? Hapa hapa Rubavu, na Rusizi. Watu wazima, wafanyabiashara wa mpakani, kina mama wa nyanya na vitunguu, walichanjwa sindano mbili kwa kupishana miezi miwili. Zaidi ya watu 200,000. Hakuna aliyesema tungoje watano waugue. Walisema: watu hawa wanavuka kila siku, wanakutana na wengi, tuwakinge. Hoja hiyo hiyo ndiyo ninayoitumia mimi. Nimebadilisha tu neno "mpaka" nikaweka "bweni".

Msituambie pia kwamba vijana hawachanjiki. Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa ya kwanza Afrika kuwachanja wasichana wa shule nchi nzima dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi, na zaidi ya asilimia 90 walifikiwa. Nchi hii inajua kumpata kijana, inajua kumwandika kwenye daftari, inajua kumrudia kwa sindano inayofuata.

Na Waislamu wenzetu hapa kambini watawaambia: anayekwenda Hija hapandi ndege bila cheti cha chanjo ya aina nne, tena iwe imepita siku kumi kabla ya kufika. Saudia walijifunza kwa uchungu, mwaka 1987 na tena mwaka 2000, kwamba ukikusanya wageni kutoka kila pembe na ukawalaza pamoja, meningokoka anafurahi. Haji mwenye miaka sitini anaulizwa cheti kwa ajili ya wiki chache. Mwanafunzi anayekwenda kulala bwenini miaka mitatu haulizwi kitu.

Gharama? Tuongee gharama. Chanjo ya aina A iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, MenAfriVac, ilianza Burkina Faso Desemba 2010, na bei yake ilikuwa chini ya nusu dola. Iliwalenga watu wa umri gani? Mwaka 1 hadi 29. Soma tena: hadi 29. Waliopanga mpango ule walijua kwamba uti wa mgongo wa kwetu unaua vijana, wala hawakusimama kwenye miaka mitano. Mamia ya mamilioni walichanjwa, na tangu 2017 hakuna mgonjwa wa aina A aliyethibitishwa katika ukanda wote. Hii ndiyo maana ya chanjo za kizazi kipya: mbali na kumlinda aliyechomwa, zinamfukuza bakteria kooni mwake asimpitishie mwenzake. Ile ya zamani, ya wakati wa Kibumba, haikuweza kazi hiyo vizuri, na kinga yake ilikuwa ya miaka michache tu.

Ila adui amebadilisha shati. Banalia ilikuwa W, na chanjo ya A peke yake haizuii W. Ndiyo sababu ipo ya aina nne, na sasa ipo ya aina tano, A, C, W, Y na X, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 na kuanza kutumika Nigeria mwaka 2024. Sindano moja. Linganisha na karo ya mwaka mmoja, chakula, nauli, kompyuta. Mnamjengea kijana nyumba ya matofali halafu mnabana pesa ya kitasa.

Nimewasema watu wa mashirika vya kutosha. Sasa nigeuke upande wetu, maana na sisi hatujasimama safi.

Kwanza, tuache kuita kila homa malaria. Malaria ipo, ndiyo, lakini malaria ina kipimo. Ukiona homa kali na kichwa kinachopasuka, shingo ngumu isiyoinama kifuani, macho yanayokimbia mwanga, kutapika, kuchanganyikiwa, au madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabana kwa glasi, usingoje asubuhi. Usimpe kidonge umlaze. Ugonjwa huu unaua ndani ya siku moja au mbili. Na waliolala naye karibu waulize kituo cha afya dawa ya kinga, mapema, kabla hawajaanza kuumwa.

Pili, maneno ya foleni ya maji. "Sindano hizo zinaleta ugumba." "Banatujaribishia." Ninaelewa hofu hiyo inatoka wapi. Mtu aliyehesabiwa, akapigwa picha za vidole, akahamishwa kutoka lori hadi lori, ana haki ya kuuliza kila kinachoingia mwilini mwake ni nini. Uliza! Uliza jina la chanjo, uliza inakinga aina zipi, uliza inaleta homa siku ngapi. Anayekuchanja ana wajibu wa kukujibu kwa lugha unayoielewa. Lakini kuuliza si sawa na kukimbia. Chanjo hizi wamechomwa wanafunzi wa London, mahujaji wa Makka, askari wa majeshi makubwa. Kama zingekuwa sumu ya maskini, matajiri wasingezigombania wao kwanza.

Tatu, kadi. Kadi ya chanjo si karatasi ya kuwashia makaa. Ifunge pamoja na cheti cha kuzaliwa na karatasi za ukimbizi, kwenye mfuko ule ule wa plastiki uliouvusha mpakani.

Basi, ninataka nini? Mambo matatu, yanaenea kwenye kiganja.

La kwanza: kila kijana wa hapa, na wa Nkamira, na wa Mahama, na wa Kiziba, anayeondoka kwenda chuo au shule ya bweni, aulizwe kadi yake mwezi mmoja kabla ya safari. Kama hana chanjo ya meningokoka ya aina nne au tano, atafutiwe. Wanaotoa ufadhili, iwe DAFI, iwe mwingine yeyote, waiweke ndani ya bajeti moja na godoro.

La pili: wanaopanga chanjo za dharura katika vituo vya mpito wasiishie kwa walio chini ya miaka mitano. Watu wanaolala kwenye hema kubwa la pamoja, familia kumi na zaidi, wako bwenini tayari. Hawana tu kitambulisho cha chuo.

La tatu: wanaolala karibu wafundishwe dalili. Wenzake mdogo wangu walikuwa vijana wazuri, walimbeba kwa mikono yao. Laiti mmoja wao angejua maana ya shingo ngumu na mwanga unaochoma macho, wangembeba usiku ule badala ya asubuhi. Somo hilo halizidi dakika kumi, na halihitaji hata projekta.

Mdogo wangu amesoma makala haya kabla yenu. Nilimpa daftari, akasoma polepole, akarudisha na penseli yake juu ya neno moja. Nilikuwa nimeandika "alipona". Amelikata, ameandika pembeni: "Nilibaki hai. Andika hivyo." Nimeandika hivyo.

Binti wa jirani anaondoka baada ya wiki tano. Chanjo inahitaji kama wiki mbili kujenga kinga mwilini. Toa mbili kwenye tano. Hizo tatu zilizobaki ni za mtu fulani, kwenye ofisi fulani, mwenye kalamu, wa kuongeza mstari mmoja kwenye orodha. Nafasi ipo. Upande wa nyuma wa karatasi bado ni mweupe.